Fahali Wawili na Mazizi Yao

Mashindano ya watu yana namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mafundi wawili: kila mmoja huenda kutazama kazi ya mwenziwe, hurudi nyumbani na haya kidogo moyoni, na kesho yake hutengeneza kitu kizuri kuliko alichokitengeneza jana. Namna ya pili ni ya wenye maduka wawili: kila mmoja hujenga ukuta ili mnunuzi aliyekwisha kuingia asipate njia ya kutoka. Namna hizi aghalabu hukaa katika nyumba moja, hata watu wakaziita kwa jina moja wakadhani ni kitu kimoja. Mfano mmoja unaozitenga vizuri umo katika jambo ambalo wazee wengi hulihesabu kuwa la watoto, yaani michezo ya kuigiza mbio za magari katika mashine za Sony na za Microsoft. Majina ya michezo hiyo ni Gran Turismo na Forza, na ugomvi wake una umri wa miaka 20 na zaidi.

Msomaji asiyepata kuketi mbele ya mchezo wa namna hii na afikiri kwanza juu ya gari la kweli. Dereva akikanyaga breki kwa ghafula, uzito wa gari huja mbele, pua huinama, na matairi ya nyuma hupungukiwa na nguvu ya kushika barabara. Akikata kona wakati huo huo, sehemu ya nyuma hutaka kutangulia. Akikanyaga mafuta mapema mno katika kutoka, magurudumu yanayosukuma huzunguka bure. Kila dereva wa lori aliyepata kuteremka Kitonga huyajua mambo haya kwa mwili wake, ijapokuwa hakuyasoma katika kitabu. Mchezo wa kuigiza huyageuza yote kuwa hesabu, na mashine huifanya hesabu hiyo upya mara nyingi katika kila sekunde, kwa kila tairi la kila gari. Katika Forza ya pili, iliyotoka mwaka 2007, hesabu ilifanywa mara 360 kwa sekunde. Wakati huo huo mashine ile ile hutakiwa ichore barabara, mbingu, watazamaji na mng'ao wa jua juu ya rangi ya gari. Kwa hiyo mtungaji wa mchezo huu ni mfungwa wa mashine kuliko watungaji wengine wote. Mshairi akipewa karatasi mbaya bado anaweza kuandika shairi zuri. Mtungaji huyu akipewa mashine dhaifu hana budi kuchagua uongo upi auseme.

Mtu aliyeonyesha kwamba gereza hilo lina nafasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa alikuwa Kazunori Yamauchi, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1967. Sony ilitoa PlayStation yake Japani tarehe 3 Desemba 1994, mashine yenye kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Yamauchi na kikundi kidogo cha wenzake walitumia miaka mitano kuitunga Gran Turismo, ikatoka Japani tarehe 23 Desemba 1997 na kwingineko mwaka uliofuata. Mchezaji hakupewa gari la fahari. Alipewa fedha za mchezo 10,000, akatumwa sokoni kununua gari kuukuu, na kabla ya kuingia katika mashindano makubwa ilimlazimu kufanya mitihani ya leseni: kuondoka, kusimama ndani ya mstari, kupita kona moja kwa wakati uliowekwa, na kuirudia kona hiyo mpaka mkono uielewe. Mwenye akili ya biashara angalisema kwamba hapana kijana atakayelipa fedha ili afanyiwe mtihani wa breki. Vijana walilipa. Zaidi ya nakala milioni 10 zilinunuliwa, na hapana mchezo mwingine wa PlayStation ya kwanza uliouzwa kuliko huo.

Siri ya mapenzi hayo ilikuwa heshima. Magari mengi katika mchezo yalikuwa ya kawaida, ya kwendea kazini na sokoni. Mazda Demio ilikuwamo tangu mwanzo, na katika Gran Turismo ya nne ilikuwamo Toyota Vitz, gari ambalo mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi hulipanda kila siku pasipo kugeuka kulitazama mara ya pili. Vitz hiyo iliandikwa katika orodha moja na Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991, nayo ikachorwa kwa uangalifu ule ule wa taa, bampa na sauti. Waendeshaji wengi wa magari yaliyotumika Japani, ambayo hufika Mombasa na Dar es Salaam melini, hawajui kwamba magari yao yamepata kutukuzwa hivyo.

Kwa muda wa miaka saba Gran Turismo ilikaa peke yake. Walikuwapo waliojaribu kushindana nayo, Sega GT miongoni mwao, lakini hapana aliyeitisha. Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja, na fahali wa pili alipozaliwa alijengewa zizi lake. Microsoft ilianza kuuza Xbox nchini Marekani tarehe 15 Novemba 2001. Ndani yake palikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64, diski ngumu ya gigabaiti 8, na tundu la waya wa mtandao. PlayStation 2, ambayo ilikuwa imetoka Japani Machi 2000, ilikuwa na megabaiti 32, na diski ngumu na mtandao vilikuwa nyongeza za kununuliwa mbali. Tofauti hizi huonekana kama habari za fundi wa redio. Lakini ndizo zilizoamua mchezo gani uweze kutungwa katika zizi gani.

Gran Turismo ya nne ilitoka Japani Desemba 2004 na Marekani Februari 2005. Forza Motorsport, iliyotungwa na Turn 10 Studios ya Redmond katika jimbo la Washington, ilitoka Mei 2005. Hazijapata kuonana uso kwa uso vile tena. Upande mmoja palikuwa na magari yapatayo 700, picha 60 katika kila sekunde, na magari sita barabarani. Mwili wa gari haukubonyea hata likipigwa ukutani kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na mchezo wa mtandaoni ulioahidiwa uliondolewa kabla ya siku ya kuuzwa. Upande wa pili palikuwa na magari 200 na kitu, picha 30 kwa sekunde, magari manane barabarani, mashindano na watu wa mbali kwa njia ya mtandao, na magari yaliyovunjika.

Sababu iliyotajwa mara nyingi kwa Gran Turismo kukataa kuvunja magari ni kwamba wenye viwanda hawapendi kuona mali yao imepondwa. Yamkini ni kweli, lakini Forza iliyavunja magari ya viwanda hivyo hivyo. Sababu ya ndani ni kwamba michezo hii miwili haikukubaliana juu ya maana ya ukweli. Gran Turismo ilikuwa jumba la makumbusho. Ukweli wake ulikuwa katika kitu chenyewe: umbo la taa, mshono wa mlango, mlio wa injini ya mwaka fulani na si wa mwaka uliofuata. Kitu cha makumbusho hakivunjwi. Forza ilikuwa kiwanja, na ukweli wake ulikuwa katika matokeo ya tendo. Dereva aliyeingia kona kwa kasi ya ujinga alipoteza kioo cha pembeni, kisha usukani ukaanza kumvuta upande, kisha injini ikapungua nguvu, na mizunguko iliyobaki akaimaliza kama mgonjwa.

Hapa Gran Turismo ilistahili lawama iliyopewa. Mchezaji wake hodari alijifunza mapema kwamba njia ya haraka ya kupita kona ni kuliegemea gari la jirani, likamzuia asitoke nje kama ukuta wa mpira. Mchezo uliomtia mtu darasani kwa siku nyingi ajifunze breki ulimlipa baadaye kwa kuisahau breki. Mshono wa mlango uliochorwa vizuri namna gani usingeweza kulifunika jambo hilo. Lakini Forza nayo ilikuwa na uongo wake, uongo wa macho. Picha 30 kwa sekunde maana yake ni kwamba jicho hupata habari za gari nusu ya mara ambazo Gran Turismo ilizitoa, na mkono hungojea jicho. Katika kona ndefu, gari linapoanza kuteleza, kungojea huko ndiko kunakomtenga dereva na gari lake. Turn 10 walilijua hilo, na Forza ya pili ikaja na picha 60.

Tangu hapo yakaanza mashindano ya mafundi, nayo yalikuwa mazuri kuyatazama. Gran Turismo ya nne ilimpa mchezaji kamera apige picha za gari lake mahali pazuri. Forza ya pili ikampa kamera pia. Forza ya pili ilimruhusu mchezaji kupaka gari lake mapambo aliyoyabuni mwenyewe, kipande juu ya kipande, na kuliuza kwa mnada kwa wachezaji wenziwe. Gran Turismo ilichukua miaka kumi kulijibu hilo, mpaka Gran Turismo Sport ya mwaka 2017. Ferrari na Porsche zilikuwamo katika Forza ya kwanza. Ferrari ikafika kwa Sony katika Gran Turismo 5 Prologue mwaka 2007. Magari yaliyoharibika yakaingia katika Gran Turismo ya tano, kwa kusitasita.

Jibu lililochelewa kuliko yote lilikuwa la akili. Forza ya mwaka 2005 ilikuwa na kitu kilichoitwa Drivatar, kilichotoka katika maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Cambridge, Uingereza: mashine ilitazama namna mchezaji anavyoendesha, ikajifunza tabia yake, kisha ikaendesha kwa mfano wake. Wapinzani wa Gran Turismo kwa miaka mingi walikuwa wakifuatana kama mabehewa ya treni. Kisha idara ya Sony AI ikamlea dereva wa mashine aitwaye Sophy, aliyejifunza kwa kujaribu, kukosea na kuadhibiwa maelfu kwa maelfu ya mizunguko. Alishindana na madereva hodari wa mchezo huo Julai 2021, timu yake ikashindwa kwa jumla ya pointi. Oktoba mwaka huo huo ikashinda, na habari zake zikachapishwa katika jarida la Nature Februari 2022. Jambo gumu kufundishwa lilikuwa adabu ya barabarani, maana kwenda mbio peke yake alikuwa amekwisha kujua. Ilikuwapo hatari ya Sophy kuwa mwoga mno akampisha kila mtu, au mkali mno akawasukuma nje, na kati ya mambo hayo mawili hapana kanuni iliyoandikwa ambayo waamuzi wote wa mbio hukubaliana nayo.

Mahali pamoja Forza ilitoa jambo ambalo mpinzani wake hakulichukua, na ni vizuri hakulichukua. Forza ya tatu, ya Oktoba 2009, ilimpa mchezaji kitufe cha kurudisha wakati nyuma. Akikosea kona, hukibonyeza, gari hutoka ukutani kinyumenyume, kioo huungana, na kona hungojea mbele yake kana kwamba hapakutokea neno. Kwa mwanafunzi wa udereva ni kitufe cha faida, maana humwonyesha kosa lake mara mbili. Lakini mchezo ule uliokuwa umejipatia jina kwa kulitia kosa bei ukawa sasa unairudisha bei hiyo kwa kila aliyeomba.

Kati ya Gran Turismo ya nne na ya tano Forza ilitoka mara tatu, mwaka 2005, 2007 na 2009. Kisa chake ni mashine. Sony ilitoa PlayStation 3 Novemba 2006, na moyo wake ulikuwa chombo kiitwacho Cell, kilichobuniwa pamoja na Toshiba na IBM. Nguvu yake ilikuwa kubwa, na kuitawala kulikuwa kazi. Ilifanana na punda wanane waliofungwa gari moja, kila mmoja akihitaji mchungaji wake. Bei ya mashine kubwa ilikuwa dola 599 za Marekani. Gran Turismo ya tano ikafika tarehe 24 Novemba 2010 ikiwa na magari zaidi ya 1,000. Kati yake yapatayo 200 yalikuwa mapya, yamechorwa ndani na nje. Yaliyobaki yaliletwa kutoka kazi za zamani, na yalionekana hivyo. Katika mbio moja gari jipya na la zamani ziliweza kwenda sambamba kama wageni wawili wa harusi, mmoja na kanzu iliyotoka kwa mshonaji leo na mwingine na kanzu ya mwaka juzi. Mashabiki wa Forza walicheka sana. Walisahau kwamba mashine yao, Xbox 360, ilikuwa na ugonjwa wa kufa ghafula kwa joto, hata Microsoft Julai 2007 ikarefusha dhamana yake kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo.

Ugomvi wa mashabiki ulikuwa mkali, na kwa sehemu kubwa haukuwa na maana, kwa sababu waliogombana walikuwa wameonja chungu kimoja tu. Mtu mwenye PlayStation aliijua Forza kwa kusikia, na mwenye Xbox vivyo hivyo. Afrika Mashariki haukufika sana. Katika vibanda vya gemu, ambako kijana hulipia muda wake na nyuma yake wenzake wanangoja zamu, mpira wa miguu ndio mfalme: mechi huisha upesi, na mshindi hujulikana. Mchezo unaomtaka mtu atumie jioni nzima katika kona moja haufai mahali ambapo dakika zinauzwa.

Palikuwa na hoja moja ya Gran Turismo ambayo Forza haikuweza kuijibu. Mwaka 2008 Sony na Nissan zilianzisha GT Academy, mashindano yaliyochukua wachezaji hodari kutoka viti vya sebuleni na kuwatia katika magari ya kweli. Mshindi wa kwanza, Lucas Ordóñez wa Hispania, alimaliza wa pili katika daraja lake katika saa 24 za Le Mans mwaka 2011. Jann Mardenborough, kijana wa Cardiff aliyeshinda Academy mwaka 2011 wenyewe, alisimama katika nafasi ya tatu ya daraja hilo huko Le Mans mwaka 2013. Machi 2015 gari lake liliruka juu ya uzio wa Nürburgring na mtazamaji mmoja akafa. Baada ya siku hiyo haikuwezekana kuzungumza juu ya mchezo na gari kana kwamba ni mambo mawili mbalimbali, wala kana kwamba ni jambo moja.

Hayo yote ni habari za mafundi. Habari za wenye maduka ni nyingine, na hazina uzuri. Kwanza zilikuwamo leseni. Kampuni ya Electronic Arts ilishika kwa miaka mingi, mpaka mwisho wa 2016, haki ya pekee ya kutia magari ya Porsche michezoni. Gran Turismo, iliyojidai kuwa makumbusho ya magari ya dunia, ilipitisha miaka hiyo yote pasipo Porsche hata moja, ikajifariji kwa magari ya RUF, kiwanda cha Ujerumani kinachotengeneza magari yake juu ya miili ya Porsche. Forza ilipata Porsche kwa ruhusa ya mwenye haki, mpaka Forza ya nne ilipotoka Oktoba 2011 bila yake. Ziliongezwa Mei 2012 kwa malipo ya mbali.

Lakini ukuta unaoonekana wazi kuliko wote ni usukani. Kidhibiti cha vitufe hakimpi dereva habari za kutosha. Usukani mzuri wa mchezo huwa na mota ndani yake, na mota hiyo huvuta mikono ya dereva kama matairi yanavyovuta: huwa mzito katika kona, na ghafula huwa mwepesi matairi ya mbele yanapopoteza barabara, na wepesi huo ndio onyo. Sony ililipokea jambo hili mapema. Logitech ilitengeneza GT Force kwa ajili ya Gran Turismo ya tatu mwaka 2001, kisha Driving Force Pro iliyozunguka digrii 900, yaani mara mbili na nusu, kama usukani wa gari la barabarani. Usukani wa Xbox ya kwanza uliweza kutikisika lakini haukuweza kuvuta. Kwa hiyo mchezo uliojua zaidi matokeo ya kosa ulikaa katika mashine isiyoweza kumwonya dereva mkononi, na mashine iliyoweza kumwonya ilikaa na mchezo usiomwadhibu. Ukuta ulimnyima dereva nusu ya elimu, popote alipokaa.

Baadaye kila upande ulikuwa na usukani wa kuvuta, na hapo kufuli likaja badala ya udhaifu. Mashine hizi huuliza kila chombo kinachochomekwa: wewe ni nani? Chombo kisicho na chipu yenye jibu linalokubaliwa hukataliwa. Watu waliokuwa na usukani wa Logitech G27 waliutumia kwa raha katika PlayStation 3. Ilipotoka PlayStation 4 Novemba 2013 usukani huo ulinyamaza. Mota yake ilikuwa nzima, ngozi yake haikuchanika, klachi na breki zilikuwa mahali pake. Uliulizwa jina, ukakosa jibu. Mwaka 2015 Logitech ikatoa ndugu wawili wa tumbo moja, G29 wa PlayStation na G920 wa Xbox, ambao ndani yao wanakaribia kuwa sawa, na hapana awezaye kukaa nyumbani kwa mwingine. Mtu mwenye mashine zote mbili alitakiwa anunue usukani mara mbili, na kumweleza mkewe kwa nini.

Wajuzi waligundua mwanya katika vyombo vya Fanatec ya Ujerumani, ambavyo huuzwa kwa vipande. Chipu ya PlayStation imewekwa katika shina lenye mota. Chipu ya Xbox imewekwa katika duara la usukani lenyewe. Basi mwenye fedha akinunua shina la PlayStation na kulivika duara la Xbox, hupata usukani mmoja unaokubaliwa na pande zote mbili. Ni vigumu kutafuta mfano mzuri kuliko huu wa upuuzi wa ukuta: funguo mbili za wafanyabiashara wawili wasiosalimiana zimeunganishwa kwa parafujo mezani kwa mnunuzi, na hapana kilichoharibika.

Ukuta wa mwisho ni wa wakati, nao unawahusu wasomi zaidi ya wote. Leseni za magari huwa na mwisho. Ikifika siku yake, mchezo huondolewa dukani, na usiponunuliwa kabla hauwezi kununuliwa tena isipokuwa kwa kutafuta diski kuukuu. Forza Horizon 3 iliondolewa Septemba 2020, Forza Motorsport 7 Septemba 2021, Forza Horizon 4 Desemba 2024. Seva za Gran Turismo Sport zilifungwa tarehe 31 Januari 2024. Gran Turismo 7, iliyotoka tarehe 4 Machi 2022, hutaka kuunganishwa na seva kwa karibu kila jambo, na mwezi ule ule seva zilizimika kwa zaidi ya saa 30 katika matengenezo yaliyokwenda vibaya. Mtu aliyekuwa peke yake chumbani, akitaka kuendesha peke yake gari alilolilipia, alikuta mlango wa banda umefungwa. Wenye mchezo waliomba radhi na kutoa fedha za mchezo 1,000,000 kwa kila aliyeathirika. Mwanafunzi wa mwaka 2050 atakayetaka kueleza vijana wa karne hii walifikiri nini juu ya gari, kitu kilichoijaza na kuichafua dunia yao, atayakuta magari ya kweli katika makumbusho. Michezo iliyoyapenda magari hayo huenda asiikute, na Gran Turismo ya mwaka 1997, iliyokaa yote katika diski yake pasipo kumwomba mtu ruhusa, ina maisha marefu kuliko wajukuu wake.

Mashindano ya mafundi yalipungua kabla ya kuta. Forza iliyovuta watu wengi ilikuwa Horizon, inayotungwa na Playground Games ya Leamington Spa, Uingereza, tangu mwaka 2012, mchezo wa sherehe na barabara zilizo wazi ambako ukweli wa tairi ni kitoweo, si chakula. Forza Motorsport ilitoka upya Oktoba 2023 baada ya miaka sita ya kungojewa, nayo haikupata mapokezi ya wakubwa zake. Julai 2025 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 9,000, na wengi wa Turn 10 walikuwa miongoni mwao. Septemba mwaka huo ilitangazwa kwamba Horizon ya sita itakuwa katika barabara za Japani, nyumbani kwa Gran Turismo.

Na tarehe 29 Aprili 2025 fahali mmoja aliingia zizi la mwenziwe. Forza Horizon 5, iliyokuwa imetoka kwa Xbox Novemba 2021, iliuzwa kwa PlayStation 5. Kijana wa mwaka 2005 angeapa kwamba siku hiyo haitafika. Mnunuzi alipoifungua alikuta sharti moja kabla ya kuwasha injini: ajiandikishe kwanza katika daftari la Microsoft. Na kama alikuwa na G920 iliyobaki kabatini tangu siku zake za Xbox, akaitoa, akaipangusa vumbi na kuichomeka, mashine ya Sony iliiuliza jina lake kama desturi, nayo haikuwa na jibu.